Dira mbili za mamlaka ya maji

Maji yalianza kuchuruzika kando ya barabara yetu mwezi wa tatu. Siku za mwanzo ulikuwa unyevu tu, kama mtu kamwaga ndoo akapita zake. Wiki mbili baadaye udongo ulikuwa umetitia, kijito kinateremka mpaka mtaroni, na watoto wa shule wanakiruka asubuhi wakienda na mchana wakirudi. Nilipiga simu mamlaka ya maji ya mji niliokuwa nikiishi wakati huo. Binti aliyepokea alikuwa mstaarabu: aliandika jina na mtaa, akanipa namba ya taarifa. Nilipiga mara tatu zaidi, na kila mara nilipewa namba mpya.

Fundi alifika mwezi wa tano, kwa bodaboda, mfuko wa spana begani. Alichuchumaa, akafukua tope kwa mikono mpaka bomba likaonekana: la plastiki, inchi tatu, lina ufa wa urefu wa kidole, na maji yanachomoka bapa kama upanga. Akalitazama kwa muda, kisha akalifukia.

"Mama, hapa inatakiwa klempu ya inchi tatu," akaniambia. "Stoo hakuna. Nimeziomba tangu mwezi wa pili."

"Umemwomba nani, mwanangu?"

"Msimamizi. Naye anasubiri saini ya makao makuu."

Wiki hiyohiyo nilikwenda ofisini kwao kuuliza. Ukuta wa mapokezi ulikuwa na bango kubwa lenye dira, dhamira na maadili ya msingi, na mezani palikuwa na nakala za Mpango Mkakati wa miaka mitano, karatasi nzuri za kung'aa. Niliomba moja, nikaketi kwenye benchi nikaisoma. Upotevu wa maji ulikuwemo, pamoja na asilimia utakayoshuka kila mwaka. Klempu ya inchi tatu sikuiona. Stoo haikutajwa, wala fundi, wala mtu wa kuulizwa iwapo bomba limevuja kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano.

Lugha yetu imetupa hapa jambo la kutafakari. Baharia huita dira kile chombo kinachomwonyesha kaskazini iko wapi. Taasisi nayo huita dira lile lengo kuu lililoandikwa kwenye bango la mapokezi. Na kijisanduku kile kinachozunguka ukutani kwa mteja, kikihesabu kila lita, nacho ni dira, dira ya maji. Mamlaka ya maji basi ina dira mbili zenye jina moja. Ya kwanza inasema inakokwenda. Ya pili inasema iko wapi. Naamini kwa dhati kwamba kutekeleza mkakati ni kuzifunga dira hizi mbili kamba moja, hivi kwamba ya ukutani kwa mteja isipozunguka inavyotakiwa, ya ofisini isiweze kukaa kimya.

*

Tuuhesabu ufa ule. Tuseme ulikuwa ukimwaga lita moja kwa sekunde, kiasi ambacho mtoto wa darasa la pili hukiruka bila kulowa. Kwa siku ni lita 86,400, sawa na madumu 4,320 ya lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 2,592 za lita 1,000 zilizovutwa mtoni, zikatiwa dawa, zikasukumwa kwa umeme wa kulipia, kisha zikaishia mtaroni.

Juu ya kilima cha mtaa uleule, presha haikuwa inafika. Wakazi wa huko walinunua maji ya mkokoteni kwa shilingi 500 dumu. Uniti moja ni madumu 50, kwa hiyo mama anayefua na kupikia maji ya mkokoteni hulipa shilingi 25,000 kwa uniti ambayo mteja wa bombani hailipii hata robo ya fedha hiyo. Ufa mmoja ulimnyang'anya mama wa kilimani maji, na ukaichelewesha mamlaka kupata fedha za kununua klempu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wenye kazi hii huita jambo hili upotevu wa maji, na chini ya jina hilo wanaweka mambo mawili. Yapo maji yanayovuja kabla hayajamfikia mtu. Yapo pia yanayomfikia mtu lakini hayaingizi fedha, kwa sababu dira imechoka, au bomba limeungwa kwa wizi, au msomaji aliandika makisio bila kufika getini. EWURA, mdhibiti wetu, hutaka upotevu usizidi asilimia 20. Kwa miaka mingi wastani wa mamlaka zetu umekuwa ukipita asilimia 30. Maana yake, katika kila ndoo kumi zinazosafishwa, tatu na zaidi hazina wa kuzitolea hesabu.

Jiji la Dar es Salaam linaweza kutuonyesha uzito wa kiasi hicho. Mtambo wa Ruvu Juu ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, na wa Ruvu Chini kutoka milioni 180 hadi 270. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili shukrani. Mitambo hiyo miwili kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466. Sasa chukua theluthi ya hizo: ni lita milioni 155. Upanuzi wote wa Ruvu Juu uliongeza milioni 114. Upotevu wa theluthi moja, basi, unaweza kuumeza mradi mzima wa namna hiyo, na bado ukabaki na kiu.

Oktoba 2022 mvua zilipochelewa na Ruvu ikapungua, uzalishaji ulishuka hadi takriban lita milioni 300 na jiji likaingia kwenye mgao. Visima vya Kigamboni vikawashwa, na Bwawa la Kidunda lililozungumzwa kwa miongo likaanza kujengwa. Vyote vinahitajika. Ila lita iliyookolewa kwenye ufa haihitaji bwawa. Tatizo ni kwamba mtambo mpya una utepe wa kukatwa, na ufa uliozibwa hauna. Hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kuja kuzindua klempu.

*

Tunapochoka na mamlaka ya maji, kilio chetu cha kwanza huwa ni kubadilisha mwenye nayo. Tumekwisha kufanya hivyo. Miaka ya 1980 maji ya Dar es Salaam yalikuwa chini ya NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini. Mwaka 1997 ikaja DAWASA, mamlaka ya jiji lenyewe. Mwaka 2003 uendeshaji ukapewa City Water kwa mkataba wa miaka kumi, kampuni ya ubia kati ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani. Mei 2005, kabla miaka miwili haijatimia, Serikali ikauvunja mkataba, na Edward Lowassa, Waziri wa Maji wakati huo, ndiye aliyelitangazia taifa. Shauri likafika kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ambalo Julai 2008 liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini haikuamriwa kulipa fidia. Kampuni ya umma, DAWASCO, ikashika uendeshaji mwaka uleule wa 2005, na mwaka 2018 ikaunganishwa na DAWASA.

Hesabu majina hayo, kila moja na bango lake. Chini ya barabara zilezile, mabomba mengi yalikuwa yaleyale, na fundi aliyeyajua yalikopita alikuwa mara nyingi yuleyule. Kila bango jipya lilikuja na mkakati mpya. Swali la nani anaulizwa lini kuhusu bomba gani lilibaki bila jibu la kudumu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema umma hauwezi kuendesha maji, na sikubaliani na wanaoamini kuwa kurudisha maji kwa umma kunatosha. Ufa hausomi hati ya umiliki.

Majirani zetu wa Uganda walilijibu swali hilo kwa namna inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1998 Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda, NWSC, lilikuwa hoi. Lilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,800 kwa wateja waliounganishwa wapatao 51,000, yaani wafanyakazi kama 36 kwa kila maunganisho 1,000. Sehemu kubwa ya maji liliyazalisha bila kuyauza. Mwishoni mwa mwaka huo akateuliwa mkurugenzi mtendaji mpya, Dk. William Muhairwe, mtu wa uchumi na si mhandisi wa maji.

Angeweza kuanza na mpango wa miaka mitano. Februari 1999 alianza na mpango wa siku 100. Siku 100 ni muda ambao msomaji dira anaweza kuuona kwa macho: ni miezi mitatu na siku chache, ni raundi tatu za kusoma na kugawa bili. Mtu hawezi kusema "tutaona mwaka ujao". Kila tawi likapewa namba zake: bili ngapi zikusanywe, nyufa ngapi zizibwe, wateja wangapi waliokatiwa warudishwe. Siku hizo zilipokwisha ukaja mpango mwingine mfupi, na mwingine. Baadaye makao makuu yakaanza kuwekeana mikataba ya kazi na mameneja wa maeneo yake yenyewe. Meneja alipewa madaraka ya kuamua mambo ya eneo lake, timu iliyofikia lengo ikapata nyongeza ya mshahara, na iliyoshindwa ikaikosa. Wakaguzi kutoka makao makuu walifika bila taarifa kuona kama kilichoandikwa kwenye ripoti ndicho kilichopo stoo na mtaani.

Kampala yenyewe ilikuwa imejaribu wageni: Gauff kuanzia 1998 hadi 2001, kisha Ondeo ya Ufaransa kuanzia 2002 hadi 2004. Baada ya hapo jiji likarudi mikononi mwa watumishi wa shirika lilelile, safari hii wakiwa na mkataba wa ndani. Muongo mmoja baada ya 1998 wateja waliounganishwa walikuwa wamepita 200,000, na wafanyakazi walikuwa karibu 7 kwa kila maunganisho 1,000. Hawakuuza shirika.

Sitaki kulipamba simulizi hili. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, na nyuma ya kila namba hiyo kulikuwa na familia. Upotevu wa maji nao ulishuka lakini ukagoma kuondoka, hasa Kampala, kwa sababu mabomba ya kale hayatii mkataba. Ila kuna jambo moja ambalo wengi huliruka wanapoisifu Uganda. Serikali nayo ilitia saini. Mwaka 2000 iliingia mkataba na shirika lake yenyewe na ikalipumzisha shirika na ulipaji wa madeni ili lipate pumzi. Mkakati wa shirika la umma ni mkataba wa pande mbili. Serikali inayomtaka meneja apunguze upotevu, huku taasisi zake zenyewe hazilipi bili na viongozi wake wanafika mtaani kuagiza mdaiwa asikatiwe maji, imeuvunja mkakati kabla fundi hajaanza kuchimba.

Anayedhani mabomba ya kale hayana dawa aitazame Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka vitani, mamlaka yake ya maji ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji. Mhandisi Ek Sonn Chan alipokabidhiwa uongozi aliligawa jiji katika kanda, akafunga dira kila mahali, akaunda vikosi vya kuziba uvujaji usiku na mchana, na kila kikosi kikajua upotevu wa kanda yake. Upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6. Mamlaka ile ilikuwa ya umma, na ikabaki ya umma.

*

Nirudi kwenye klempu yangu, maana mkakati wote unaweza kupimwa kwayo. Ingehitajika nini ili klempu ile iwe stoo siku fundi alipoihitaji?

Kwanza ingehitajika mtu ajue kuwa maji yanapotea pale, hata kabla mimi sijapiga simu. Njia ipo na si ngeni kwa wahandisi wetu. Mtaa ukitengwa kuwa kanda na bomba linaloingia likafungwa dira kubwa, dira hiyo husomwa saa nane usiku. Saa hiyo watu wamelala, koki zimefungwa, matangi yamejaa. Dira ikiendelea kukimbia usiku wa manane, kinachokunywa maji ni ardhi. Namba hiyo moja, ikisomwa kila usiku, inamweleza meneja mengi kuliko ripoti ya robo mwaka.

Pili ingehitajika namba hiyo iwe na mwenyewe. Watumishi wa umma tumezoea kujaza malengo, tangu enzi za fomu za OPRAS hadi mfumo wa PEPMIS wa sasa. Lengo likiandikwa "kuchangia katika kupunguza upotevu wa maji", wote wamechangia na hakuna wa kuulizwa. Fundi angeandikiwa hivi: uvujaji wa kanda yako uzibwe ndani ya saa 48 tangu taarifa kupokelewa. Msimamizi wa stoo naye aandikiwe: klempu za kila kipimo kilichopo kwenye mtandao wako zisipungue kumi. Na meneja wa eneo awe na fungu dogo analoweza kulitumia bila kusubiri saini ya makao makuu. Lengo lisilo na zana ni lawama iliyoandaliwa mapema.

Najua nitajibiwa kwamba sheria ya ununuzi hairuhusu haraka. Haraka ya nini? Bomba la inchi tatu litapasuka mwaka huu na mwaka ujao, na kila mhandisi anajua hivyo leo. Mikataba ya pamoja inayoandaliwa na Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini imewekwa kwa ajili ya vitu vya namna hii, vinavyojulikana na vinavyohitajika mara kwa mara. Dharura nyingi katika mamlaka zetu ni mambo ya kawaida ambayo hayakuandikwa kwa wakati.

Tatu, ingehitajika siku ya kuulizana. Kikao cha Jumatatu asubuhi, nusu saa, meneja na mafundi wake na wasomaji dira, ubao mmoja ukutani: uvujaji ulioripotiwa, uliozibwa, uliobaki, na kwa nini. Hapo ndipo fundi angesema "klempu hakuna", na wa stoo yumo ndani akisikia. Mkakati unaosubiri warsha ya mwisho wa mwaka, hotelini Morogoro, unakuta maji yamekwisha kupita.

Hapa natoa tahadhari moja, kwa sababu namba nazo zina hila. Mfanyakazi hukimbilia anachoulizwa. Ukimuuliza makusanyo tu, atafuata wateja wakubwa wanaolipika, atawakatia wanyonge haraka, na mama wa kilimani hatamwona kabisa, maana asiye na bomba hana bili. Kwa hiyo ubao ule wa Jumatatu uwe na safu nyingine: maji yalifika saa ngapi kwenye koki ya mwisho ya mtandao, ile ya juu kabisa mlimani, na yalikaa kwa saa ngapi. Tumesema kama taifa kwamba tunataka kumtua mama ndoo kichwani. Ahadi hiyo hupimwa kwenye koki hiyo ya mwisho.

Na msomaji dira tumpe heshima yake. Ndiye mtumishi pekee wa mamlaka anayefika kila nyumba kila mwezi. Anajua geti lenye mbwa, dira iliyofukiwa na mchanga, na nyumba yenye bustani ya kijani kiangazi chote ilhali bili yake ni ya uniti tatu. Leo anatembea na simu, anapiga picha ya dira, na mteja analipa kwa kumbukumbu namba akiwa sebuleni kwake. Hatua hiyo ni njema. Ila mara nyingi tunachukua namba aliyoileta na kuyaacha maarifa yake getini.

*

Fundi wangu alirudi mwezi wa saba. Klempu zilikuwa zimefika. Alifunga valvu, akafukua, akasafisha bomba kwa kitambaa, akaivalisha klempu, akakaza bolti mbili huku na mbili kule, akafungua maji. Alisubiri kidogo akilitazama bomba. Lilikuwa kavu. Kazi nzima ilichukua dakika 20. Tulikuwa tumeisubiri miezi minne.

Nilimpa maji ya kunywa, naye alipokuwa ananawa mikono akatoa kwenye mfuko wake wa spana daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Akaandika tarehe, mtaa, kipimo cha bomba, kina alichofukua. Nilimwomba anionyeshe. Zilikuwa kurasa kwa kurasa, miaka mitatu ya kila ufa aliouziba, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Kwa kidole chake alinionyesha kipande cha bomba karibu na sokoni kilichopasuka mara 11. "Hiki si cha kuziba tena, mama. Hiki ni cha kubadilisha. Ukikibadilisha hiki, hata huku kwenu presha inapanda."

"Umewahi kuulizwa daftari hili?"

Akatikisa kichwa, akalirudisha mfukoni, akawasha pikipiki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Liko begani kwa fundi, wakati mkakati tunauandikia mahali pengine. Wajumbe wa bodi na mameneja wanaojiandaa kuandika mpango mwingine wa miaka mitano, nawasihi waanzie hapo: wamwite mtu huyu, wamkaribishe kiti, wamwombe afungue ukurasa wa kwanza.